Mafundo Kwenye Mafunjo ya Dunga

Tangu apate kiharusi, Mama alikuwa akitujibu kwa neno moja moja. Ndiyo. Hapana. Basi. Daktari kule Kombewa alisema maneno yapo, yatarudi taratibu, ila atembee sana ili mguu wa kulia upate nguvu. Mguu ulitii. Maneno hayakurudi. Mama aliuza samaki sokoni utoto wangu wote, na wateja waliofuata samaki walikawia kwa sababu ya mdomo wake. Sasa niliogopa kwamba tumerudishiwa mtu mwingine, mpole, aliyevaa nguo za Mama.

Nilimleta kwangu Kisumu, na kila Jumamosi tukawa tunatafuta mahali pa kutembea. Kwenye hifadhi iliyo kando ya ziwa, swala walimtazama naye akawatazama. Kwenye bustani ya mjini, tumbili alimpokonya ndizi mkononi. Mama wa zamani angemtukana tumbili yule na ukoo wake wote. Huyu alipangusa vidole tu.

Kisha tukaenda Dunga, kwenye njia ya mbao inayopita juu ya kinamasi. Mbao zilipoisha, kijia chembamba kiliendelea ndani ya mafunjo. Mwanzoni mwake mabua mawili yalikuwa yamefungwa pamoja kwa fundo, mbele kidogo mengine mawili, kisha mengine. Nikajua hizo ni alama za kuwaongoza wageni. Tukafuata fundo baada ya fundo. Jua lilipokuwa kali, nikakata bua moja lililofungwa, lenye kichwa kipana, nikamkinga Mama nalo.

Kijia kikaishia majini. Nyuma yetu mafunjo yote yalifanana, na mguu wa Mama ulikuwa umeanza kutetemeka. Mahali fulani, si mbali, kiboko alikoroma.

Mwanamke mwenye mundu akatokea, akaliona bua mkononi mwangu. "Nani amekata yangu?"

Nikaambiwa kwa ukali kwamba kila mkataji wa mafunjo hufunga mafundo kuonyesha sehemu yake, na fundo la mtu haliguswi. Kumbe nilikuwa nimepita kwenye mali za watu moja baada ya nyingine, kama mwizi anayechagua. Nikamwomba radhi kwa Kiswahili changu kizuri. Akasema naongea kama redio. Kisha akamgeukia Mama.

"Na wewe, Mama, mtu mzima hivi, unatembea na mtoto kuiba?"

Midomo ya Mama ikavutika upande mmoja. Nilitaka kumjibia.

"Mimi," akasema Mama, akakwama. "Mimi nikitaka kuiba, naiba samaki. Hii majani yako hata ng'ombe yangu inakataa."

Yule mwanamke akacheka mpaka mundu ukashuka. "Ng'ombe yako inaringa."

"Inaringa juu inakula vizuri. Wewe unakula nini, umekonda hivyo?"

Wakahamia Kidholuo, wakaongeza kasi. Mama alikwama, akaruka maneno, akauita mundu kijiko. Mwanamke alimcheka kwa hilo, akamkatiza, akamjibu kabla hajamaliza. Ndipo nikaona tulichokuwa tukimfanyia nyumbani. Sisi sote tulikuwa tukimngojea, vichwa tumeinamisha, kwa subira ya watu waliokuja kutazama mgonjwa. Tangu atoke hospitalini, hakuna mtu aliyekuwa amethubutu kumkatiza Mama.

Mwanamke alimpa bega, akatuongoza kupitia upenyo ambao nisingeuona hata ningetafuta mchana kutwa, mpaka tukazikanyaga mbao. Nilifuata nyuma nikilia bila kujificha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunitazama. Mama alikuwa akisimulia jinsi mwanawe, msomi, alivyompeleka kwa kiboko. Alikuwa ananisema vibaya sana, na bado alikuwa hajamaliza.