Ukanda wa Mbao Uliopita Getini

Baba yangu, Fukumoto Tamezo, alikuwa seremala mbishi kuliko wote waliowahi kushika nyundo pale Kure, bandari ya Japani. Ukumbi wa kulia chakula wa ile meli kubwa ya abiria, ukuta wake wa mbao aliujenga yeye na kaka yangu Seiji, bila msumari hata mmoja. Kisha vita vikataka meli igeuzwe manowari ya kubebea ndege, na baba akaitwa akaubomoe. Seiji alikuwa ameshafia vitani China, na hata mfupa hatukuletewa.

Sasa, maseremala wa kwetu huandika jina mgongoni mwa ubao, pasipoonekana. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na mwandiko wa Seiji ambao baba hakuwahi kuusoma, maana kijana aliufunika haraka huku akicheka. Baba aliutaka mwandiko ule. Hakutaka kingine.

"Mashoka, mzee!" msimamizi Kuboki alifoka. "Bomu likianguka hizi ni kuni tu. Zote motoni, na kitu hakitoki getini!"

"Mashoka yako yatakesha hapa. Mimi naufungua kabla ya chakula cha mchana."

"Ukishindwa?"

"Hilo shoka nipige mimi."

Kilichoingia mwisho hutoka kwanza, na baba alikijua. Aligonga kijiti kimoja kilichofunga mbao, cha pili, ukuta ukaanza kuachia ubao baada ya ubao. Wa tisa ulikuwa na wino. Aliusoma, akakaa kitako sakafuni. Halafu akachukua randa. Maandishi yalishuka wima, membamba kuliko randa yenyewe. Angevuta mara moja tu, na ukanda ukikatika ndiyo basi. Akashusha pumzi, akavuta. Ukanda ukatoka mzima, mwembamba kama karatasi, akaukunja ndani ya mkebe wa chakula.

Getini askari akaufungua mkebe. "Nini hii?"

"Takataka za randa, bwana. Za kuwashia moto."

"Bahili wewe, mzee. Haya, pita."

Nyumbani mama aliukunjua mbele ya madhabahu ya wafu wetu. Tangu barua ya jeshi ilipoleta habari za kifo cha Seiji, alikuwa hajatabasamu. Akasoma kwa sauti: "Ukuta huu nimeujenga mimi, Seiji. Baba amenisaidia kidogo."

Mama akacheka mpaka akalia.

"Mwongo huyo," baba akasema, machozi yakimtiririka. "Mbao mbili alizipinda, nikazirudia mimi."