Siku za Kulala Kifudifudi

Niligundua nikiwa shambani, nachuma majani ya chai upande wa juu, karibu na mikaratusi. Kila nilipoinama niliona kitu cheusi chini ya jicho la kushoto. Nilidhani ni pindo la kitambaa changu cha kichwa. Nikakisukuma nyuma, kile cheusi kikabaki palepale. Nikakivua kabisa, nikasimama kichwa wazi katikati ya majani yaliyolowa umande, na bado hakikuondoka.

Sikumwambia mtu. Nilichuma mpaka kikapu kikajaa, nikapeleka majani kituoni, nikarudi kukamua ng'ombe. Nyumbani kwetu Tetu hakuna jambo lililokwenda bila mkono wangu. Mume wangu, mtu mpole asiye na maneno mengi, alizoea kuniuliza hata shati la kuvaa akienda mazishini. Watoto wetu wana nyumba zao, lakini walinipigia simu kwa kila kitu, na nisipopigiwa nilipiga mimi. Kanisani nilikuwa kiongozi wa akina mama, na sala niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya kumkabidhi Mungu maisha yote. Niliiomba kwa sauti nzuri. Kufikia amina nilikuwa nimeshaamua nani atapika chai na nani ataosha vikombe.

Jumapili, mchungaji alipokuwa akihubiri, nilifunika jicho la kulia, lile zima, kwa kiganja nijipime. Nilimwona kuanzia kifuani kwenda juu. Chini hakukuwa na mimbari, wala viti, wala watu. Kile cheusi kilikuwa kinapanda kama maji kwenye ndoo.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu nilijikwaa kwenye jiwe ambalo nimelipita maisha yangu yote. Mume wangu akanishika.

"Mzee, kuna kitu jichoni," nikamwambia.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa nachuma chai, katikati ya wiki."

"Kesho tunaenda hospitali," akasema. Sikukumbuka mara ya mwisho aliponiambia jambo bila kuniuliza.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yangu. Aliniangalia kwa mwanga mkali kwa muda mrefu, kisha akatueleza polepole. Utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umebanduka, jinsi rangi inavyobanduka kwenye ukuta wenye unyevu. Ukiachwa, jicho lingezimika. Angefanya upasuaji, aurudishe mahali pake, kisha atie gesi ndani ya jicho iukandamize mpaka ushike. Ili gesi ifanye kazi, ilinibidi nilale kifudifudi mchana na usiku, karibu wiki nzima. Tena nisiende mahali pa juu, kwa sababu gesi ingevimba na kuharibu jicho.

"Kwetu Tetu je?"

"Ni juu kidogo, mama. Kaa hapa mjini."

"Nitaona tena?"

"Tutajaribu. Siwezi kukuahidi."

Nilimtazama mume wangu. "Ng'ombe anakaribia kuzaa."

"Niko."

"Anampiga teke mtu mwingine yeyote."

"Basi atanipiga," akasema.

Mjini Nyeri tulikuwa na mtu mmoja tu, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mjane anayeuza mboga sokoni. Sikuwahi kulala kwake. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja cha kulala, na kila nilipopita nilikuta vyombo havijaoshwa mpaka saa sita. Nilikuwa nimelisema hilo, na si mara moja. Alipopigiwa simu alijibu neno moja tu: "Mlete."

Sikujua kwamba ningepasuliwa nikiwa macho. Walinidunga sindano pembeni mwa jicho, wakanifunika uso kwa kitambaa chenye tundu, nikabaki nasikia vyuma vikigusana na mashine ikinguruma taratibu. Maumivu hayakuwepo, ila nilijua kuna mtu ndani ya jicho langu. Niliuma meno. Nilikaza shingo, mabega na miguu nisitikisike hata kidogo.

Daktari akasimamisha kazi. "Mama, unakaza."

"Nakaza ili nisitikisike."

"Ukikaza ndiyo unatikisika. Usinisaidie. Legea tu."

Nikajaribu kulegea. Mwili ulikataa. Kadiri nilivyouamuru ndivyo ulivyozidi kukaza, na moyo ulikuwa ukidunda mpaka masikioni. Nikatafuta ile sala yangu nzuri. Haikuja. Maneno niliyoyasema mbele ya akina mama miaka na miaka yalikimbia yote, nikabaki mtupu chini ya kile kitambaa, naogopa kama mtoto. Nilichopata kusema moyoni kilikuwa kifupi na hakikuwa na adabu yoyote: Mungu, hata kulegea siwezi. Nilegeze wewe.

Sitasema hofu iliondoka, maana haikuondoka. Lakini nilihisi vidole vyangu vimefunguka. Kisha bega moja likashuka. Daktari akasema, "Hapo hapo," akaendelea.

Kwa wifi nililazwa kitandani tumbo chini, paji la uso juu ya leso iliyokunjwa, uso ukitazama sakafu. Dunia yangu ikawa saruji nyekundu na miguu ya wifi ndani ya malapa. Nilikunywa uji kwa mrija. Mgongo uliuma, shingo iliuma, lakini kilichonitesa ni hofu. Niliogopa kulala usingizi, maana nikilala ningegeuka, na nikigeuka jicho lingekufa. Niliogopa kukohoa. Jikoni nilisikia sufuria ikichemka kupita kiasi, nikataka kusema kitu, nikanyamaza. Baadaye nikashindwa.

"Wifi, vyombo umeosha?"

"Bado."

"Jua limefika wapi?"

"Sijui. Nimekaa na wewe. Ukisinzia unageuka, kwa hivyo nimekuwekea mkono mgongoni. Hujausikia?"

Kweli ulikuwepo. Nilikuwa sijausikia. Sokoni hakwenda siku zile zote, na hakunitajia.

Siku moja asubuhi simu ikalia. Wifi akaniwekea sikioni. Alikuwa mume wangu, na kutokana na jinsi alivyovuta pumzi nilijua.

"Amezaa," akasema. "Ndama hakupona."

"Ningekuwepo..."

"Hata ungekuwepo. Daktari wa mifugo amesema alikuwa amefia tumboni. Ng'ombe mwenyewe yuko salama, anakula."

Nililia, na machozi yakaanguka moja kwa moja sakafuni. Wifi akaniomba ninyamaze nisije nikaharibu jicho. Lakini si ndama tu niliyekuwa namlilia. Nilitaka mume wangu aseme kwamba ndama amekufa kwa sababu sikuwepo. Kama ingekuwa hivyo, basi mahali nilipo mambo yangekuwa salama, na kazi yangu ingekuwa kuwepo tu kila mahali. Sasa alikuwa ameniambia kwamba hata ningekuwepo angekufa. Hilo lilinitisha kuliko upasuaji. Nilijiona nimening'inia juu ya ile sakafu bila kushika chochote, na nikafahamu kwamba nilikuwa hivyo miaka yote.

Nikamwambia wifi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine na sikuuona uso wake. "Naogopa sana."

Akakaa sakafuni karibu na kitanda, nikaona magoti yake.

"Wakati shemeji yenu alikuwa mgonjwa," akasema, akimaanisha mume wake, "nilijiambia ati nikikaa macho hatakufa. Nilikaa macho. Akafa hivyo hivyo, nikimwangalia."

"Ukafanya nini?"

"Baada ya mazishi? Nililala. Nilimwambia Mungu, wewe hulali, sasa sisi wawili tukae macho ya nini? Nikalala mpaka mchana." Akanyoosha miguu. "Vyombo nikaviacha."

Nilicheka kidogo tu, kwa kulihofia jicho. Halafu nikamwomba aniombee. Sikuwahi kumwomba mtu jambo hilo. Mimi ndiye niliyekuwa naombea watu. Wifi hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Baba, huyu ni wako. Mshike." Mkono wake ulikuwa mgongoni, na alasiri ile nililala usingizi wa kweli, nimeacha kujilinda.

Jicho halikuzimika. Halikurudi kama zamani pia. Mwanzoni niliona kama mtu aliye chini ya maji, na mpaka leo mistari hujikunja: mlingoti wa umeme una kiuno, mlango una tumbo. Daktari alipoangalia jicho la kulia alikuta utando wake ni mwembamba mahali pamoja. Atauchoma kwa miale ya leza ili ushike, na kabla ya hapo ni kungoja.

Nilipopona nilimwachia mwenzangu uongozi wa akina mama. Nikaombwa nitoe ushuhuda kanisani. Walitarajia, nadhani, kusikia kwamba niliamini na hofu ikayeyuka. Nilisimama nikawaambia kwamba niliogopa upasuaji wote, na niliogopa siku zote za kulala kifudifudi, na hata nilipokuwa nimesimama pale mbele yao nilikuwa naogopa jicho la pili. "Ila zamani niliogopa nikiwa nimeshika kila kitu," nikasema. "Sasa naogopa nikiwa nimeshikwa." Wachache wakasema amina. Mchungaji akasubiri, akidhani kuna zaidi.

Miadi ya daktari ni wiki ijayo. Mume wangu amesema tutatoka mapema, tupitie kwa wifi tunywe chai. Sikumwuliza ni nani atakamua ng'ombe.