Nilivyopata pa kuanzia kwenye linear algebraic groups nikiwa Bariadi

Kwaru, kwaru, kwaru.

Nilisikia chaki ikikwaruza ubao kabla sijafumbua macho. Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, hapa Bariadi, na nalileta bila chumvi.

Nilikuwa nimelalia meza ya ofisi ya walimu, mchana, wanafunzi wako likizo. Mbele yangu laptop yenye PDF thelathini na nane.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nasoma masters. Supervisor alikuwa ameniambia: "Jumatatu nipigie, unieleze linear algebraic group ni nini, kwa mfano wako mwenyewe. Ukishindwa tubadilishe mada."

Na mada hiyo niliiomba mwenyewe, kwa mbwembwe!

Kosa langu wengi mnalo. Niliomba PDF kila group la WhatsApp, kisha nikaanza na kitabu kinene kuliko vyote, nikidhani unene ndio elimu. Ukurasa wa tatu tu, mwandishi anasema "kama inavyojulikana".

Inajulikana na nani, jamani?

Wiki tatu sikuuvuka ukurasa ule. Alama zilinitazama kama ng'ombe wa watu.

Aliyekuwa ubaoni ni Mwalimu Ng'wasi, tunafundisha naye hesabu.

"Mwadila, bhabha," akanisalimu Kisukuma, akiniita baba. "Umelalia elimu ili ikuingie?"

"Mwadila, mayu," nikamwitikia, nami nikimwita mama. "Niache. Hii mada naiacha."

"Wewe si wa kule Migato? Kwenu maksai mpya mnamfunga jembe siku ya kwanza?"

"Hapana. Anaanza kwa kuvuta gogo, azoee nira."

"Sasa wewe umejifunga jembe la trekta. Njoo uvute gogo."

Alikuwa ameandika matrix ya mbili kwa mbili: a na b juu, c na d chini. Pembeni yake sharti moja: ad − bc = 1.

"Zidisha mbili za namna hii."

Nikazidisha. Jibu likatii sharti lile lile. Nikatafuta inverse, matrix inayofuta kazi ya ile ya kwanza, nayo ikatii.

"Matrix zote za namna hii, hilo ni group. Haya, sharti lenyewe ni kitu gani?"

Nikakodoa macho. Polynomial, herufi za kuzidisha, kujumlisha na kutoa tu! Kumbe ni group la matrix ambalo mpaka wake umechorwa na polynomial. Kifua kikaachia kama udongo mweusi wa mbugani unapopata mvua ya kwanza.

Jioni ile nilifuta PDF karibu zote. Nilibaki na kitabu cha linear algebra cha mwaka wa kwanza, kimoja chepesi cha group theory, na lecture notes za bure zinazoanza na matrix groups, zenye maswali na majibu. Kile kinene nacho kipo. Zamu yake itafika.

Nilichojifunza: kabla ya kuuliza kitabu bora ni kipi, uliza kinakutaka uwe unajua nini tayari. Mwenye notes nzuri za kuanzia aziweke hapa chini. Uliyekwama, taja ukurasa, usione haya.

Jumatatu je? Nilipiga simu nikiwa ofisini pale pale, Ng'wasi kakaa pembeni. Nikaeleza matrix zile za ubaoni, kwa namba na maneno yangu mwenyewe. Supervisor akajibu:

"Sawa. Mada ni yako. Sasa endelea na diagonal matrices."

Nilishusha pumzi mpaka Ng'wasi akacheka.

"Haya bhabha, soma. Mimi nikapike."

Akachukua mkoba wake, akatoka, akaufunga mlango.