Kufuli la Nje Siku ya Mashujaa

Juzi mwenye bucha aliye karibu na mahali tunapochongea vinyago hapa Wamunyu alitandaza ngozi mbichi ya ng'ombe juu ya mawe, akaanza kuirushia chumvi kwa kiganja. Upepo ukaileta harufu mpaka pale nilipokuwa nimekaa nikipiga msasa twiga wa mti. Ni harufu ya nyama, chumvi, na kitu kama yai lililosahauliwa ndani ya kabati. Wenzangu walikunja pua na kumpigia kelele: "We baba, hiyo unauza ama unazika?" Watu wakacheka. Mimi twiga aliniponyoka, sikio lake moja likavunjika.

Nilisema ni jua. Haikuwa jua. Nitawaeleza ninyi mnaosoma, kwa sababu kwa mdomo sijawahi kuyaeleza vizuri.

Nilipokuwa na miaka minane tuliishi Kinanie, mimi na mama, katika chumba kimoja cha mabati. Mama alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha ngozi. Kila asubuhi vibarua walisimama mbele ya geti, na supavaisa akapita akionyesha kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Aliyeonyeshwa aliingia. Asiyeonyeshwa alirudi nyumbani kungoja kesho. Mama alifunga kichwani leso nyekundu kila siku, hata ikiwa na jasho la jana, ili kidole kile kimwone upesi. Nilimwogopa mwenye kidole kile kuliko nilivyomwogopa mwalimu wa hesabu.

Watoto wengine walipenda sikukuu. Mwalimu alipotutangazia kwamba kesho ni siku ya Mashujaa na hakuna shule, darasa zima liliruka juu. Mimi nilibaki nimekaa. Nilijua shule ikifungwa kiwanda hakifungwi, na jirani yetu aliyekuwa akiniangalia alikuwa amesafiri kwenda kwao Kivaa kutayarisha shamba kabla ya mvua. Mwalimu aliniona nimenyamaza, akasema alivyozoea kunitania: "Mutheu, kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku moja tutausikia mshindo wako." Darasa likacheka. Nikainamisha kichwa.

Kulipokucha mama alisimama mlangoni muda mrefu akiniangalia, kisha akanifunika shuka mabegani na kusema, "Twende. Lakini ukiwa huko, wewe si mtu. Wewe ni gunia. Umewahi kusikia gunia likiongea?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi hivyo hivyo."

Supavaisa alikuwa amevaa suti ya kanisani, kwa maana alikuwa anaenda uwanjani kwenye sherehe. Katika mfuko wa koti alikuwa amechomeka bendera ndogo ya karatasi. Aliponiona katikati ya wanawake alisimama. Nilitazama viatu vyake tu.

"Mama Mutheu, hii ni nini?"

"Ni mtoto, supa. Shule imefungwa. Ananyamaza sana huyu."

"Nikimsikia, ama mtu yeyote amsikie, wewe na yeye mtaenda pamoja na hamtarudi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Tuliingia watu ishirini na kitu. Nyuma yetu geti lilivutwa, na nikasikia kufuli kubwa likibanwa kwa nje. Gari lake likaondoka. Mwanamke mmoja aitwaye Mwende, rafiki ya mama, ambaye alifanya mzaha hata na ugonjwa wake mwenyewe, aliinua mikono juu. "Haya mashujaa, tumefungiwa! Atakayekufa saa hii avumilie, atafufuka saa kumi supa akirudi na ufunguo."

Walicheka, lakini nilimwona mama akigeuka kulitazama geti. Baadaye, nikiwa nimekaa chini ya meza yake, nilisikia wakielezana sababu. Mzigo wa ngozi ulitakiwa uwe tayari kesho yake. Sheria haikutaka watu wafanyishwe kazi sikukuu kama siku ya kawaida. Kwa hiyo kufuli lilikaa nje, ili anayepita barabarani alione na kusema, hawa nao wamepumzika. Aliyekataa kuja siku hiyo alijua kidole hakitamwona tena.

Ghala la chumvi, ambamo mama alifanyia kazi, lilikuwa karibu na geti, wazi upande wa mbele. Ngozi zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine, juu kuliko kimo changu, zikidondosha maji ya rangi ya chai. Upande wa pili wa ukuta mapipa makubwa ya mbao yalizunguka polepole, yakinguruma kama mvua iliyo mbali. Mama na wenzake walisimama mezani wakikata kingo za ngozi kwa visu vyembamba vilivyonolewa mpaka vikabaki kama majani ya nyasi. Mimi nilihesabu miguu yao. Halafu nilitazama juu ya ukuta wa nje, nikaona vipande vya chupa vilivyopandwa kwenye saruji, na wazo likanijia: moto ukitokea tutapita wapi? Nililitafuta jibu sana. Nililitafuta mpaka tumbo likaanza kuuma, na nikajua kwamba nataka kwenda chooni.

Gunia haliombi kwenda choo. Nilijibana. Nilibana miguu, nikabana macho, nikahesabu mpaka mia mara tatu. Mwishowe nilivuta ukingo wa aproni ya mama na kumnong'oneza kwa Kikamba, "Mwaitu, choo."

Aligeuka kunitazama. Alipogeuka, kisu hakikugeuka naye.

Hakupiga kelele. Aliivuta leso yake nyekundu kutoka kichwani na kuiuma, kisha akaketi sakafuni karibu nami akiwa ameshika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Damu ilipita katikati ya vidole, ikaingia kwenye chumvi, na chumvi ikaigeuza kuwa ya rangi ya waridi. Mpaka leo sijui kwa nini nakumbuka jinsi ile rangi ilivyokuwa nzuri. Kinyesi na mkojo vilinitoka palepale na hakuna aliyejali. Mama alinitazama, akatoa leso mdomoni, akasema, "Hakuna kitu, mwana wakwa. Hakuna kitu."

Mwende alimfunga mkono kwa kitambaa, kikalowa, akafunga kingine. Akampigia supavaisa simu.

"Supa, Mama Mutheu amejikata vibaya. Kuja utufungulie apelekwe hospitali."

Ndani ya simu tulisikia bendi ikipiga na watu wakishangilia.

"Mfunge na kitu. Nakuja saa hii," sauti ilisema.

Saa hii yake ilikuwa ndefu. Mama aliegemea gunia la chumvi, midomo ikawa na rangi ya majivu. Mimi niliketi kati ya magoti yake na kujiambia kwamba nimemuua mama kwa neno moja. Nilisema neno moja tu siku nzima, na ona. Nikamwahidi Mungu kwamba asipokufa sitaongea tena.

Ndipo geti likagongwa.

"Amefika!" Mwende alisema, akakimbia. Lakini sauti iliyotoka nje ilikuwa ya mwanamke.

"Hodi! Kuna watu humo?"

Mwende alisimama kama aliyekanyaga msumari. Mtu mmoja alishusha swichi. Mapipa yalizunguka mara moja, mara nusu, yakasimama. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Maji ya ngozi yalisikika yakidondoka, tone, halafu tone.

"Nimesikia mashine," sauti ilisema. "Sasa zimejizima zenyewe?"

Chini ya geti kulikuwa na nafasi ya upana wa kiganja. Nikiwa pale sakafuni niliona viatu vya kahawia vya mwanamke, vyeupe kwa vumbi, kimoja kikiwa na kamba iliyofungwa fundo.

"Mimi natoka ofisi ya leba, ya mambo ya wafanyakazi," alisema. "Leo ni sikukuu. Hili kufuli nimeliona, lakini macho yangu pia yako sawa. Kama mko ndani, mtu mmoja agonge bati mara moja tu. Moja. Sitauliza ni nani."

Watu ishirini na kitu walitazama sakafu. Mwende alikuwa karibu na geti kuliko wote. Mkono wake uliinuka mpaka kifuani, ukabaki hapo, ukashuka.

Ilikuwa wakati huo ambapo chumvi ilinipanda puani. Mama alihisi mgongo wangu ukikaza. Mkono wake mzima, ule wa kulia, ulikuja haraka ukanifunika mdomo na pua, nao ulikuwa na ladha ya chumvi na damu. Chafya ikarudi nyuma, ikangoja. Viatu vya kahawia vilisogea hatua moja, vikasimama tena.

"Nangoja," mwanamke alisema. "Siku ya leo ni yenu pia."

Ndipo mkono wa mama ukalegea. Uliteleza kutoka puani, ukapita mdomoni, ukaishia kidevuni. Niliinua macho, nikaona ananitazama, macho makubwa, bila kupepesa. Nilielewa kwamba nguvu zimemwisha, kwamba anakufa, na kwamba kazi ya kutunyamazisha ameniachia mimi. Kwa hiyo niliweka mikono yangu miwili pale alipoondoa wake. Nilibana pua mpaka machozi yakatoka. Chafya ilipanda mara mbili, ikapiga kichwani kwa ndani, ikafa.

"Haya," mwanamke alisema baada ya muda. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Haya basi."

Viatu viligeuka. Tukasikia pikipiki ikiwashwa, ikaenda.

"Ameenda," Mwende alisema. Hakuna aliyefurahi. Kisha mwanamume mmoja mzee akaja, akaniwekea mkono kichwani. "Huyu mtoto mnamwona? Huyu ndiye shujaa wa leo." Wengine wakaitikia. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Hata na hofu ile yote, na nguo zangu zilivyokuwa, nilihisi kitu cha moto kikinipanda kifuani, na nilikaa nacho miaka mingi. Mama peke yake alikuwa amegeuza uso ukutani.

Supavaisa alifika saa kumi. Hospitalini daktari wa zamu alimshona mama mkono, akauliza umekatika saa ngapi, mama akamdanganya. Vidole viwili, cha mwisho na kinachokifuata, havikukunjika tena. Bandeji ilipotoka mama alirudi getini na leso yake nyekundu ikiwa imefuliwa, akasimama asubuhi baada ya asubuhi. Kidole kilimpita. Mwezi ulipoisha tulifunga vitu vyetu tukarudi kwetu, na ndiyo maana nimekulia huku.

Mwaka huu, baada ya ibada, kulikuja mama mmoja kutoka chama cha wafanyakazi kuzungumza na wanawake wa kanisa. Alisema mfanyakazi ana haki ya kupumzika sikukuu ya taifa bila kukatwa mshahara. Akitakiwa afanye kazi siku hiyo, analipwa maradufu. Kibarua naye ni mfanyakazi, si mbuzi wa kuokotwa njiani. Wanawake walicheka, halafu wakaacha kucheka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikifikiria viatu vya kahawia. Aliyevivaa alikuwa amekuja na maneno hayo hayo. Miaka yote hiyo, kila nilipoiota siku ile, yeye ndiye aliyekuwa jini la ndoto, anagonga na kugonga, nami nabana pua.

Jioni nilimkuta mama uani akibambua mbaazi. Nikakaa, nikabambua pia. Nilimwambia yale niliyosikia. Akasema, "Tulikuwa tunajua, Mutheu. Si yote, lakini tulijua."

"Sasa mbona hakuna mtu aligonga?"

"Mtu mzima akigonga, wenzake wanamwona. Kesho yake yule mama wa leba ako ofisini kwake na sisi tuko hapo getini." Alibambua ganda moja, akabambua la pili. "Mimi nilikuwa natoka damu na bado niliogopa kesho."

"Na mimi ukanifunga mdomo."

"Nilikufunga. Halafu nikakuachilia."

Mikono yangu ilisimama.

"Nilihisi hiyo chafya," mama alisema. "Nikasema moyoni, mtoto akipiga chafya, nani atamlaumu mtoto? Nikaondoa mkono. Nikakuangalia hivi, nikiomba Mungu." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na sauti. "Na wewe ukajifunga mwenyewe."

"Si ungeniambia!"

"Ningekuambia aje, na watu wote wananiangalia mimi?"

Mama aliendelea kubambua, vile vidole viwili vikiwa vimenyooka kando kama vya mtu anayeshika kikombe cha kigeni. Nilifikiria ule mkono ukiteleza kutoka usoni pangu, polepole, sentimita moja, halafu nyingine, na yale macho niliyodhani ni ya mtu anayekufa. Alikuwa ananiomba nipige kelele. Wakubwa wote mle ndani hawakuthubutu, kwa hiyo mama aliiacha kazi hiyo kwa mtoto wa miaka minane, na asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa amemfundisha mtoto huyo kuwa gunia.