Safari za Mama Mkubwa Zilivyojaza Kishikwambi

Mama mkubwa wangu alishuka kutoka milimani na gunia la magimbi na magoti yanayouma. Tulikubaliana akae kwangu Bigwa mpaka amalize kliniki. Kliniki ikaisha, magoti yakapona, magimbi yakaliwa yote, yeye akabaki. Sikulalamika. Ni dada yake marehemu mama yangu, na nyumba yenye mtu wa kuzungumza naye ina raha yake, hasa kwa mtu kama mimi ninayeshinda ndani nikichora.

Kazi yangu ni kusanifu kadi na mabango ya sherehe. Natumia kishikwambi chenye programu ya kuchorea na kalamu yake. Siku moja nilikuwa namtoa bwana harusi kwenye ukuta wa choo alikopigiwa picha, namhamishia kwenye bustani ya maua. Mama mkubwa akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Kumbe mtu anaweza kutolewa alipo akapelekwa popote?"

"Popote, mama mkubwa."

"Hata Roma?"

Hapo ndipo safari zilipoanza. Asubuhi alivaa kitenge chake cha Jumapili, chekundu chenye maua ya njano, akasimama kwenye migomba nyuma ya nyumba nimpige picha. Nikampeleka Roma. Nikampeleka kwenye theluji, akalalamika kwamba anaonekana kama mtu aliyesimama mashineni kusubiri unga, nikamvika sweta. Nikamweka kwenye ngazi ya ndege akipunga mkono. Nikampandisha ngamia. Kila picha aliwatumia wenzake wa jumuiya kule juu, na maelezo akayarekodi kwa sauti: "Hapa nimechoka kidogo, safari ni ndefu."

"Si unawadanganya?" nilimuuliza.

"Nimesema nimechoka. Sikusema nimefika."

Basi jirani yetu akawa anamfanyia binti yake kicheni pati, na bango akanipa mimi. Programu ile hupanga picha kwa matabaka, moja juu ya jingine, na kila tabaka lina alama ya kijicho pembeni. Ukikifumba kijicho, tabaka halionekani, ingawa lipo. Ili nisihangaike na vipimo upya, nilichukua ile picha ya ndege, maana ilikuwa kubwa tayari. Nikaificha ndege, nikamficha mama mkubwa, nikapanda maua juu yao.

Asubuhi ya sherehe, mchapaji akiwa ananisubiri mjini, nikabonyeza kuhifadhi. Kishikwambi kikaniambia nafasi imejaa.

Nilipochungulia, programu ya kuchorea ilikuwa imemeza karibu kila kitu.

"Mama mkubwa, itabidi nifute baadhi ya safari zako."

"Unifute?"

"Picha, siyo wewe."

"Picha ya nani?"

Akavaa miwani, akakalia kiti changu, tukaanza kukagua. Roma isiguswe, ni mahali patakatifu. Theluji isiguswe, sweta limempendeza. Baada ya kufikiri sana akamtoa ngamia, kwa sababu alikuwa anamtazama kwa dharau. Nikamfuta ngamia. Nafasi ikabaki ileile, kwani kumbe kinachofutwa huenda kwanza kukaa kwenye pipa la taka la programu. Nikamfuta na huko. Ikapatikana nafasi kiduchu.

"Na hizi je?" Kidole chake kilikuwa kwenye kadi moja ya harusi niliyoihifadhi mara nyingi mno, kila nakala na jina lake: Mwisho. Mwisho kabisa. Mwisho wa kweli. Mwisho, mama yake amekataa.

"Hawa walioana lini?"

"Hawakuoana."

"Sasa unawatunzia nini?"

Nikafuta. Akahamia kwenye mitindo ya herufi niliyoipakua kwa uroho tu.

"A hii na a ile zina tofauti gani?"

"Hii ina mkia."

"Futa zenye mikia."

Nikafuta mikia yote. Bado kidogo tu, na mchapaji anapiga simu. Nafasi iliyobaki niliipata kwa kuyaunganisha matabaka ya bango yawe picha moja, maana hivyo faili hupungua. Kwa haraka yangu, kidole kikafumbua kijicho kimoja. Bango likiwa dogo pale kwenye skrini, niliona maua mekundu na ya njano, nami nilitarajia kuona maua mekundu na ya njano. Nikatuma.

Tulipofika ukumbini Kihonda, mimi na mama mkubwa, lilikuwa limeshatundikwa. Limeenea ukuta mzima. Bibi harusi katikati anatabasamu, na juu ya bega lake, akichomoza kwenye mawaridi kuanzia kiunoni, mama mkubwa anapunga mkono.

"Nimetoka vizuri," akasema.

Mama wa bibi harusi, yule jirani yetu, alikuwa anatujia, na sura yake haikuwa ya sherehe. Kabla hajatufikia, mshereheshaji, ambaye naye alikuwa amelitazama bango akajiuliza huyu ni nani, akajijibu mwenyewe, alikamata kipaza sauti: "Akina mama, tusimame! Mgeni wetu rasmi ameingia!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mama wa bibi harusi akasita. Akatazama bango, akamtazama mama mkubwa, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo mama. Karibu meza kuu."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akaenda zake bila hata kugeuka kunitazama.

Ulipofika wakati wa kumuusia bibi harusi, alisimama akarekebisha kitenge. "Mwanangu, mumeo mpikie chakula akipende. Asipokipenda, ale hivyohivyo. La pili, ukienda Roma beba sweta. Jioni kuna kibaridi." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja kwenye meza ya nyuma alikuwa anaandika.

Kesho yake baada ya misa nilinunua memori kadi, nikahamishia safari zote humo. Mama mkubwa alikishika kile kidude kwenye kiganja, akauliza kama humo ndani kuna hewa.

Jumatatu mama wa bibi harusi akabisha hodi. Nilikuwa nimeshajiandaa kuomba radhi. Akakaa, akanywa maji, akasifia mapazia yangu, mwishowe akasema kwamba ndugu wa bwana harusi wamesikia habari za yule mama mwenye heshima zake, na wanauliza kama atafika kwenye sherehe ya kumuaga binti.

Nikamuuliza mama mkubwa, aliyekuwa amejilaza chumbani.

"Mwambie nitaangalia nafasi," akajibu. "Na muulize watapika nini."