Ngamia wa Kwenye Kioo

Sikumaliza darasa la tatu, lakini mnada wa ngamia Garissa hauchangamki kabla sijafika. Changanya ngamia mia, nitakutolea wangu kwa unyayo tu. Na mababu zangu nawataja ishirini na tisa bila kupumua. Kwetu mtoto asiyejua kuhesabu mababu ni kama mtoto aliyeokotwa njiani.

Binti yangu akifika kwa babu wa nne, macho yanaondoka, anakwama. Shuleni vilevile. Nikaapa nyumbani: wiki hii asipofika babu wa kumi, anaacha shule, anakwenda Kotile kuchunga mbuzi wa bibi yake.

Mama yake akanisihi nimpeleke kwanza kwa mwalimu mmoja mwenye chumba karibu na zahanati. Mwalimu akambana kidole kwa kidude chenye waya. Kwenye kioo cha kompyuta akatokea ngamia, amesimama mchangani. Moyo ukitulia, anatembea. Ukienda mbio, anasimama.

"Si dawa, mzee," mwalimu akasema. "Anajifunza kujituliza, ndipo neno lipate pa kukaa."

Nikacheka. "Mambo ya ngamia unifundishe mimi? Lete hicho kidude."

Nikakibana kidoleni. Ngamia hakuinua hata unyayo.

"Aabo, baba yangu, umeiba nini?" binti yangu akacheka. "Moyo wako unakimbia!"

Nilikuwa namfikiria mdogo wangu. Macho yake yalikuwa hayohayo ya binti yangu. Siku moja, tukiwa wadogo, alipoteza ngamia wa baba. Mimi mkubwa, nikitaka wazee wanisikie, nikamwambia, "Usirudi bila yeye."

Ngamia alirudi mwenyewe kabla ya magharibi. Mdogo wangu hakurudi. Nilifuata nyayo zake siku mbili, mimi bingwa wa nyayo, mpaka upepo ukazifuta.

Tangu hapo nikitaja mababu namsikia nyuma yangu akinifuatisha, akikwama kwa wa nne. Ndiyo maana nawataja bila kupumua, nisimsikie akikwama.

"Pumua, Aabo. Usimkimbize ngamia," binti yangu akasema, mkono wake mgongoni mwangu. "Tuwataje pamoja, polepole."

Akakwama palepale, kwa wa nne. Nikangoja. Wallahi, sikuwahi kumngoja mtu. Kisha wa tano akaja, na wa sita, na ngamia akainua mguu.

Kotile sikuitaja tena. Lakini ngamia alipokuwa akitembea, mimi nilitazama mchanga ulio nyuma yake, nikitafuta kama kuna mtoto anayemfuata.