Mlango Uliovimba

Seremala huyu watu walimwita Wembe, wala si kwa ukali wa ulimi, ingawa ulimi nao, mh, alijaliwa. Mlango wake ukikaa kwenye fremu, hata wembe haupiti ubavuni. Kila mteja alisimuliwa hivyo, atake asitake.

Nyumba yake waliijenga wawili, yeye na kakake mwashi. Kaka alisimamisha kuta kwa timazi, zikanyooka. Wembe akaleta mlango wa mbele. Jua lilikuwa kali, mbao zimekauka kau. Kaka akaupapasa ukingo, akasema, "Mdogo wangu, upunguze kidogo kwa randa. Mvua zikija utavimba huu."

"Kaka, wewe shika mwiko wako. Ya mbao niachie mwenyewe."

"Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu wa matope!" Wembe akajibu, na vibarua wakaangua kicheko. Loo! Maji yakimwagika hayazoleki. Kaka akaosha mwiko wake polepole, akaondoka, asionekane tena pale.

Mvua zikaja, mlango ukavimba kama alivyoambiwa. Wembe akazoea kuupiga bega ndipo ufunguke. Kuupiga randa hakutaka, maana ingekuwa kukiri kwamba mwashi alisema kweli. Kiburi ni kitu gani, jamani! Kazi ndogo vile ikamshinda mtu anayeshinda na randa mkononi. Alimkumbuka kaka yake, tena sana, ila kila akitaka kwenda kumwomba radhi alijiambia, wacha kwanza yeye aje.

Kisha kaka akaugua, akafa. Baada ya maziko, shemeji yake, mjane wa marehemu, akamwita kando.

"Shemeji, kwa nini ulimfungia mwenzako nje? Alikuja kwako mpatane, na mvua ile inanyesha. Aliona taa, akasikia nyundo yako. Akabisha, akasukuma, wapi! Akarudi kwangu ameloa chapachapa, akasema, 'Amenisikia, hataki tu.'"

Wembe akadakia, "Shemeji, sikumsikia! Mvua ikipiga mabati sisikii kitu mle ndani. Wala sikufunga, Mungu shahidi. Mlango ulikuwa umevimba tu!"

Mjane akafuta macho kwa upindo wa nguo, akamtazama bila hasira.

"Mimi nimekuelewa," akasema. "Ila wa kuambiwa hayo ndiye tuliyemzika."